Nukta za Mzee wa Kengele

Ubao bado upo nje ya kiwanda kile kidogo cha uchapaji, umepigiliwa misumari kati ya mlango na dirisha. Ni ubao mweusi wa darasani, kona moja imemeguka. Chini yake kuna kopo lililokuwa la chaki. Sasa lina maji ya mvua na vipande vya sigara. Zamani, Jumamosi asubuhi, usingeweza kupita kwenye kibaraza hicho bila kusukumana na watu wazima wanaogombana kuhusu kitabu cha picha. Leo utasikia mashine tu, inachapa kalenda na vitabu vya risiti. Hakuna anayeandika kitu ubaoni, ingawa hakuna aliyekataza.

Aliyeondoka na kelele zile alikuwa na sauti ndogo kuliko sote. Tulimwita Dada Wino, kwa sababu ya kidole chake cha kati ambacho hakikuwahi kutakata, hata siku ya harusi ya mdogo wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa kukunja mikono ya blauzi mara mbili kabla ya kuanza kazi, na ukimsalimu alikuwa anamaliza kwanza herufi aliyokuwa akiiandika, ndipo akajibu.

Kijapani alikipata utotoni. Baba yake alikuwa dereva, na miaka ya ujenzi wa daraja kubwa alimwendesha mhandisi kutoka Japani aliyekuja na mke na binti. Watoto hawahitaji mkalimani. Binti wa mhandisi na binti wa dereva walilala kifudifudi kwenye saruji baridi ya baraza, kitabu kimoja kati yao, mmoja akisoma na mwingine akitazama picha, mpaka siku moja anayetazama akaanza naye kusoma. Daraja liliisha, wageni wakarudi kwao. Mengine aliyaongeza kwa kamusi na ukaidi.

Ndiye huyo rafiki wa baraza, sasa mtu mzima, aliyemtafutia kibali cha kukitafsiri kile walichokisoma pamoja: hadithi ya zamani, inayopendwa kwao tangu enzi za wazazi, ya mzee anayebeba kengele. Mzee alikuwa bingwa wa upanga. Sasa ameuacha upanga, na mgongoni ana kengele ya shaba iliyoibwa hekaluni, anairudisha kwa miguu, milima kwa milima. Kitu kinachoigonga kengele ndani kimefungwa kitambaa ili isilie njiani. Nyuma yake anafuata mtoto yatima aliyemwokota ukingoni mwa mto, mtoto asiye na jina. Majambazi wanawafukuza, theluji inawakuta, daraja la kamba linakatika wakiwa katikati. Utotoni Dada Wino alikuwa amesoma vitabu vichache vya mwanzo tu. Mwisho wake hakuujua, na aliutaka uje kwa zamu yake kama utakavyotujia sisi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kurasa zilikuja na maandishi yake ya Kijapani, za kusomwa kuanzia nyuma kama ilivyo kwao. Dada Wino aliufuta kwa rangi nyeupe kila ule mviringo unaotoka kinywani mwa mtu, yaani kiputo, kimoja kimoja, akazianika kurasa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Zikikauka, aliandika Kiswahili kwa kalamu ya ncha nyembamba. Kati ya kufuta na kuandika, kurasa zilikaa siku nzima watu wakiwa wamefumbua midomo na hakuna neno.

Mwenye kiwanda tulimwita Bwana Rola, kwa kichwa chake kilichong'aa kama rola ya mashine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa hasara kama wengine wanavyoogopa nyoka: kabla hajaiona tayari amesharuka.

Kitabu cha kwanza kilipotoka, watu walikinunua Jumamosi na Jumatatu wakakirudisha. Wa kwanza alikuwa Mama Sindano, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara.

"Bwana Rola, umeniuzia kitabu kibovu. Huyu mzee maneno yake yamefutika. Kila akifumbua mdomo, nukta tupu."

"Hayajafutika, mama," alisema Dada Wino kutoka mezani kwake. "Amenyamaza."

"Kitabu kizima? Marehemu mume wangu alikuwa akininunia wiki nzima, lakini hata yeye aliomba chumvi!"

Nyuma yake alisimama fundi baiskeli tuliyemwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kushinda ubishi wala kushindwa. Akakifungua kitabu, akaweka kidole chenye grisi juu ya ukurasa.

"Hebu tuulizane kwa upole. Kama mtu amenyamaza, kwa nini mmemwekea nafasi ya kusema? Asiyekuja haandaliwi kiti."

Watu wakacheka. Bwana Rola hakucheka. Aliitazama safu ya vitabu vilivyorudi, kisha akamwita Dada Wino ndani na kufunga mlango na dirisha. Yaliyosemwa humo tuliyajua baadaye.

"Jaza."

"Bwana, nukta zile maana yake ni kimya. Ndivyo wanavyoandika kule."

"Kule ni kule. Hapa nukta ni wino uliomwagika. Jaza, tuchape upya, la sivyo hakuna cha pili."

Alijaza, na Bwana Rola akawaambia watu kwamba maneno yaliyofutika yamepatikana. Kiputo cha kwanza alikijaza kwa hofu. Cha pili kilikuwa chepesi. Kufikia kitabu cha tatu alikuwa anakijaza kwa furaha, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu anayefanya kosa kwa hofu hulikumbuka, na anayelifanya kwa furaha huliita kipaji.

Mzee wa Kengele akawa msemaji. Tena msemaji gani! Akipanda mlima: "Mzigo haulalamiki, kinacholalamika ni bega." Wakifika mtoni wamechelewa kivuko: "Njia haina habari na saa yako." Na kwa mtoto, karibu kila ukurasa, neno moja la upole ambalo Dada Wino aliliona linafaa kila mahali: mwanangu. Twende, mwanangu. Lala, mwanangu. Usitazame chini, mwanangu.

Hapo ndipo ubao ulipotundikwa, ili wasomaji waandike maoni badala ya kumpigia Bwana Rola kelele. Waliandika, na bado wakapiga kelele. *Mzee asife, tumeonya.* *Jambazi mwenye jicho moja anafanana na mwenye nyumba wangu.* *Kitabu kinaanzia nyuma kama kaa, lakini nimezoea, sasa hata gazeti naanzia nyuma.* Siku moja mzee alisema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," na kesho yake mwandiko wa Wakili ulijaa ubaoni: *Anasifu kimya na hanyamazi! Huyu ni shemeji yangu!*

Kisha yakaja maoni mengine, kwa mwandiko wa Mama Sindano: *Kwa nini mtoto anarudia kila anachosema mzee? Mzee akisema tulale hapa, mtoto anawaambia watu, "Mzee anasema tutalala hapa." Ni mtoto au kasuku?*

Dada Wino alisimama mbele ya maneno hayo, chaki mkononi. Aliona kweli: katika Kijapani, mtoto ndiye anayemsemea mzee. Mtu akimuuliza mzee jambo, nukta, halafu mtoto anajibu. Zamani ilieleweka. Sasa, mzee akiwa anasema, mtoto alionekana mjinga. Basi akarudi ndani akaanza kuyabadilisha na ya mtoto pia. Shati likikosewa kifungo cha kwanza, vilivyobaki vyote hufuata.

Nyumbani kwake kulikuwa na kimya kingine. Baba yake, yule dereva, kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia, nusu ya mguu na maneno yote. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, fimbo kati ya magoti, akitazama magari na kuyafahamu kwa mlio. Binti alimwogesha, alimlisha, alimnyoa ndevu. Na alimsemea. Jirani akiuliza hali: "Baba anasema hajambo." Daktari akiuliza dawa: "Anasema zinamfaa." Alifanya hivyo kwa mapenzi, upesi, kabla kimya hakijamtia mgeni aibu. Alikuwa hodari. Watu walitoka pale wakisema mzee yule mchangamfu kweli.

Kurasa alizozichelewesha kiwandani alikwenda nazo nyumbani, akazianika sebuleni. Baba aliomba kwa kidole apewe zilizokauka, zikiwa bado hazijaandikwa. Zilizoandikwa hakuzitaka. Dada Wino alidhani macho yanamsumbua.

Kitabu cha mwisho kilifika wakati ambapo Bwana Rola ameshatundika tangazo: kitatoka mwisho wa mwezi. Watu walikwisha kuagiza. Dada Wino alifungua bahasha akiwa amesimama, akaanza kusoma akiwa amesimama, na mashine ikiendelea kugonga nyuma yake.

Mzee na mtoto wanafika hekaluni. Mtawa mlinda lango anamtazama mzee, anamtambua, anamwinamia. Kisha anamwambia mtoto jambo ambalo njia nzima hakuna aliyelijua. Kengele hii iliibwa siku ambayo mzee, akiwa bado bingwa, alimfokea mwanawe wa pekee kwa neno baya, na mwana akatoka kuwafuata wezi peke yake, wakamuua. Mzee aliapa kwamba kinywa kilichosema neno lile hakitasema tena mpaka kengele irudi mahali pake na kulia. Mtoto, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akibahatisha maneno ya mzee na kuyasema kwa niaba yake, anaketi chini kwenye ngazi.

Kengele inatundikwa. Kitambaa kinafunguliwa. Kengele inalia, kurasa mbili nzima, hakuna kingine ila mlio. Halafu ukurasa wa mwisho: uso wa mzee, karibu, makunyanzi yote, na kiputo kimoja kidogo. Ndani yake neno moja, la kwanza na la mwisho, analomwambia yule yatima.

Mwanangu.

Dada Wino aliketi. Alivuta rafuni kitabu cha pili, cha tatu, cha nne, akavifungua popote vilipofunguka. Twende, mwanangu. Kula, mwanangu. Neno lililobebwa milima yote bila kuguswa, yeye alikuwa amelimwaga njiani kila hatua. Sasa angeliandika pale mwisho na lingekuwa salamu tu.

Bwana Rola alisikiliza habari hiyo akijifuta kipara kwa kitambaa.

"Mtawa akatwe," alisema. "Ukurasa mmoja. Kiapo hakuna. Na pale mwisho mwambie mzee aseme jambo zito, lile la kufungia hadithi. Wewe unaweza. Umeshawazidi Wajapani wenyewe."

"Nikifanya hivyo nitakuwa nimemuua."

"Nani?"

"Mzee."

"Dada, mzee ni wino. Mimi ni nyama. Nikirudishiwa tena vitabu, sisi wawili tutakula tangazo lile ukutani. Jumamosi ijayo nataka kurasa."

Kesho yake Wakili aliingia ofisini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Ubishi wake ulipenda hewa. Alitoa kitu ndani ya gazeti, akakiweka mezani. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha Mzee wa Kengele, kwa Kijapani. Shemeji yake, baharia, alikuwa amekiona bandarini huko mbali akamletea zawadi.

"Sisomi hata herufi moja," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nukta nazijua. Nukta ni nukta hata kwa Mjapani. Nimekaa nacho jana kutwa, chenu huku, chao huku. Mzee wao hasemi. Wetu hanyamazi."

Dada Wino alitazama kidole chake cha kati.

"Sijamwambia mtu," Wakili aliendelea. "Kitabu cha kwanza nilipokirudisha mlisema amenyamaza, nikawacheka. Kwa hiyo na mimi nimo. Lakini Jumamosi nitauliza mbele ya watu. Ukitaka kujibu kabla sijauliza, hiyo ni haki ya mshtakiwa."

Akakifunga kitabu katika gazeti lake akatoka. Kwa mara ya kwanza hakusubiri kujibiwa.

Siku zilizofuata alifuta kurasa na hakuandika. Alifuta mpaka zikaisha, akazibeba nyumbani, akavuta kamba sebuleni kutoka kitasa cha mlango mpaka msumari wa saa. Jioni moja baba alinyoosha fimbo akaugusa ukurasa wa mwisho. Dada Wino akampa. Baba alikaa nao magotini, ule uso wa makunyanzi na kiputo kitupu, muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na ukurasa wowote.

Shangazi aliingia na mfuko wa machungwa, akipiga hodi na kujikaribisha mwenyewe kwa pumzi moja.

"Kaka! Umeshindaje?"

"Baba anasema hajambo," alijibu Dada Wino, akihamisha vibanio kwenye kamba. "Mguu tu unamsumbua kidogo."

"Pole, kaka. Na zile dawa, zinakufaa?"

"Anasema zina—"

Mkono ulimfika mdomoni. Mkono wa kushoto wa baba yake, ule mzima, ulikuwa umepanda polepole binti akiwa ameinama kuchukua kibanio, na sasa ulimfunika mdomo. Haukumpiga. Ulikaa hapo tu, mkavu, wenye uzito, kama mtu anavyoweka kifuniko juu ya sufuria.

Shangazi alibaki na chungwa mkononi.

Baba alifumbua kinywa. Hakuna kilichotoka. Shingo ilikaza, mshipa ukasimama pembeni mwa jicho, na kutoka ndani ikaja sauti kama mlango unaoburutwa juu ya saruji, ikakatika. Shangazi hakuvumilia.

"Maji? Kaka, unataka ma—"

Fimbo iligonga sakafu. Shangazi akanyamaza. Nje gari lilipita, likapita lingine. Dada Wino, mdomo wake chini ya kiganja, aliona jinsi alivyokuwa na jibu tayari, jibu zuri, lenye adabu, likimchoma ulimi. Alilimeza. Kope za baba zilijaa maji. Kinywa kilitafuta umbo, kikalikosa, kikatafuta tena.

"Ha," alisema baba. Kisha, baada ya muda ambao mtu angeweza kumenya chungwa lote, "pana."

Mkono ukashuka.

"Dawa hazikufai?" aliuliza Dada Wino, na mara hii akasubiri.

Baba akatikisa kichwa: hazinifai. Akajishika paji la uso, akazungusha kidole hewani. Kizunguzungu. Ni miezi mingapi alikuwa anazungukwa na chumba, na binti yake anawaambia madaktari kwamba anasema zinamfaa? Shangazi alianza kulia, kisha akacheka, kisha akamgombeza kaka yake kwa nini hakusema siku zote hizo, akagundua alichosema, akalia tena.

Baba hakuwaangalia. Alikuwa ameurudia ukurasa wake. Aliweka ncha ya kidole ndani ya kiputo kitupu akakiacha pale.

Jumamosi kibaraza kilijaa mpaka barabarani. Habari kwamba kitabu cha mwisho kipo ndani zilikuwa zimeenea, na juu ya ubao mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: *MZEE ATASEMA NINI?* Wakili alisimama mbele, gazeti kwapani. Bwana Rola alikaa nyuma ya dirisha, nusu ya kipara ikionekana.

Dada Wino alitoka na akasimama chini ya ubao. Mikono ya blauzi ilikuwa imekunjwa. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, na watu wa nyuma walilazimika kunyamaza ili wasikie.

"Mzee hatasema kitu. Hajawahi kusema kitu. Katika hadithi yenyewe ananyamaza tangu mwanzo, kwa kiapo, mpaka kengele ilie. Maneno yote mliyosoma niliyaandika mimi."

Wakili alishusha gazeti kutoka kwapani.

"Umeninyang'anya swali langu," alisema.

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Yote? Hata ile ya bega?"

"Hata ya bega."

"Mimi niliiandika kwenye mkokoteni wangu!"

Vicheko vikaanza, vile vya watu wasiojua kama wamekasirika. Mwingine akasema, "Basi huyo wa Kijapani abaki kwao. Sisi turudishie wetu." Wengine wakaitikia. Kwa muda ilionekana mambo yangeweza kuishia hapo, kwa mzaha, na nyuma ya dirisha kipara kikapanda kidogo kwa matumaini.

Mama Sindano aliwapenya watu akaja mpaka mbele. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni mwake.

"Kitabu cha sita," alisema. "Mzee anapita mbele ya nyumba iliyofungwa. Anasema nini?"

Dada Wino alijua. "Mlango ukiufunga kwa hasira, unayebaki ndani ni wewe."

"Nilisoma maneno hayo usiku, asubuhi nikaenda kwa binti yangu. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu alipoolewa na yule mwanamume. Nilikwenda kwa sababu mzee amevuka milima, amezika watu, anajua. Si kwa sababu msichana wa kiwandani ameona nafasi tupu akaijaza." Sauti ilimpanda. "Ningejua ni wewe, nisingekwenda! Wewe una binti? Umefunga mlango gani, wewe?"

"Hakuna, mama."

"Basi kwa nini ulisema?"

Wapo walioongoja atoe methali, maana alikuwa fundi wa methali, na pengine moja tu ingetosha kumwokoa. Tuliiona ikimjia, au tulidhani tumeiona, midomo ikisogea. Hakuisema. Alisimama pale mikono imening'inia, akamwacha Mama Sindano amtazame mpaka alipochoka kumtazama, akageuka, akavuka barabara, akafunga mlango wa duka lake.

Ndipo Bwana Rola alipotoka. Alisema vitabu vya nyuma havitachapwa upya, hilo lisahaulike. Dada Wino alisema hajaomba hilo. Alichoomba ni cha mwisho kitoke kama kilivyo, mtawa ndani, nukta ndani, na kwenye ukurasa wa kwanza maelezo mafupi ya alichokifanya. Kisha angeondoka, na Bwana Rola angeweza kumlaumu kwa yote. Bwana Rola aliutazama umati. Wakili, bila kuulizwa, alisema kwamba yeye atanunua, kwa sababu kesi bila hukumu ni uchuuzi tu.

Kilitoka. Waliokinunua walikuwa wachache kuliko nakala. Ubaoni waliandika mengi wiki ya kwanza, mengine ya matusi. Mmoja aliandika kwamba alifika neno la mwisho na hakusikia chochote, kwa sababu alishalizoea. Dada Wino alilisoma hilo siku aliyokuja kuchukua kalamu zake, na hakulifuta. Mwingine aliandika kwamba ameanza kusoma upya kutoka cha kwanza, anajaribu kuruka maneno ya mzee, na hawezi. Jicho linayafuata lenyewe.

Wakili alichora mtu mwenye upara, kiputo, na nukta ndani yake. Bwana Rola aliuacha mchoro huo siku mbili, kisha akaufuta kwa maji.

Baada ya mwezi hivi, Mama Sindano alimkuta Dada Wino nyumbani kwao. Alikuja na vitabu vyote vya Mzee wa Kengele ndani ya mfuko wa nguo, akavipanga juu ya meza bila salamu. Baba alikuwa kitini pake. Alimtazama mgeni, na hakuna aliyemsemea.

Dada Wino alifunua cha kwanza. Juu ya kila kiputo cha mzee, kitabu baada ya kitabu, Mama Sindano alikuwa amebandika kipande cha kitambaa cheupe, kilichokatwa kwa mkasi mzuri kufuata mviringo, kingo zimelazwa zisitoke nyuzi. Mzee alipanda mlima, akavuka mto, akamfunika mtoto wakati wa theluji, na kinywani mwake kulikuwa na kitambaa cheupe.

"Nilianza kwa hasira," alisema Mama Sindano. "Nilipofika cha nne hasira ilikwisha, nikaendelea tu. Halafu nikasoma cha mwisho. Niliposoma lile neno, nilizima cherehani."

Dada Wino alifunua cha sita. Nyumba iliyofungwa ilikuwa pale, na mzee akipita mbele yake. Kiputo hicho hakikuwa na kitambaa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, herufi nyembamba, wino umepauka kidogo.

"Hicho nimekiacha," alisema Mama Sindano, akikusanya mfuko wake. "Nilikibandika kitambaa mara tatu, nikakibandua. Awe amekisema nani, mimi nilishakwenda."

Dada Wino sasa anafanya kazi kwa mwandika vibao vya maduka, kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi, na bado anaishi na baba yake katika nyumba ileile.